Uzi: Kufungua kliniki kwa franchaizi hapa Nairobi, pesa huishia wapi?

SistaWaThikaRoad

Wadau, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi katika hospitali za kibinafsi hapa Nairobi kwa muda mrefu na nimechoka kuchoshwa. Tumejikusanya watatu, mimi, dada yangu na binamu yetu mmoja aliye ng'ambo. Kwa akiba ya SACCO, mkopo juu yake na ploti moja iliyouzwa, tunafikisha milioni 6.

Kuna kampuni ya nje (sitaitaja) inayotafuta watu wa kufungua kliniki zenye jina lake huku kwetu, ndiyo franchaizi yenyewe. Ndani kunakuwa na daktari, maabara ndogo, tibamaungo (fiziotherapia), ushauri wa lishe, masaji na zile dripu za vitamini ambazo watu wa Kilimani wanazipenda. Wanataka ada ya kuingia ya dola 25,000, halafu mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lao, wa asilimia 7 ya mauzo na asilimia 2 ya mfuko wa matangazo, kila mwezi. Mkataba ni wa miaka kumi. Wao wanaleta jina, mafunzo, programu ya kompyuta na ramani ya jinsi kliniki inavyopaswa kukaa.

Kijitabu chao kina picha nzuri sana. Lakini ukurasa wa gharama una mistari sita tu, na mmoja umeandikwa "gharama nyinginezo". Hizo nyinginezo ndizo zinazoninyima usingizi.

Nimeona nafasi mbili: moja Kilimani, nyingine Roysambu karibu na steji. Mliofungua kliniki, wahasibu, mawakili, yeyote anayejua: pesa huishia wapi hasa? Na je, jina la watu lina faida kuliko kuandika langu juu ya mlango?

Kimya_Kingi

Nimeweka kigoda. Hata mimi nililetewa kijitabu cha namna hiyo, tofauti ni kwamba changu kilikuwa cha meno.

HesabuHazidanganyi

Sista, hongera kwanza kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huja huku wakiwa tayari wameshatuma dola.

Nianze na hiyo ada. Dola 25,000 kwa shilingi 129 ni 3,225,000. Mkumbuke Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Wakati ule ada hiyohiyo ingekuwa milioni 4 kamili. Tofauti ya 775,000, na hakuna aliyekula wala kunywa. Kwa hiyo jambo la kwanza: uliza kama mrabaha pia unahesabiwa kwa dola au kwa shilingi.

La pili ndilo linalowaangusha watu. Ukilipa mrabaha kwa mtu asiyekaa Kenya, sheria inakutaka ukate asilimia 20 uipeleke KRA (mamlaka ya mapato), isipokuwa kama kuna mkataba wa ushuru kati ya Kenya na nchi yake unaopunguza kiwango. Sasa fungua mkataba wako utafute kifungu kinachosema wenye jina wapokee pesa "bila makato yoyote". Wanakipenda mno. Kikiwepo, ile asilimia 20 inakuangukia wewe. Yaani ili wapate 3,225,000 mkononi, hesabu inaanzia 4,031,250, na 806,250 zinakwenda KRA kutoka mfukoni mwako. Hata asilimia 7 yao si 7 tena, ni 8.75.

La tatu: huduma iliyonunuliwa nje inatozwa VAT ya asilimia 16, na anayeilipa ni wewe uliyeipokea. Huduma za matibabu hapa kwetu zimesamehewa VAT. Inasikika vizuri, lakini maana yake ni kwamba VAT unayolipa wewe hurudishiwi kwa sehemu hiyo ya biashara. Juu ya 4,031,250 hiyo ni 645,000 nyingine.

Tuseme kodi ya nafasi ya Kilimani ni 180,000 kwa mwezi. Depoziti ya miezi mitatu ni 540,000. Kodi ya robo mwaka unalipa mbele, 540,000 nyingine, na VAT yake 86,400 kwa sababu ni jengo la biashara. Sasa jumlisha: 4,031,250 na 645,000 na 1,166,400. Unapata 5,842,650.

Kati ya milioni 6 zenu zimebaki 157,350. Hujaweka taili hata moja.

Sasa mwezi kwa mwezi. Nachukua mfano wa mauzo ya 900,000. Badilisha tarakimu uone mwenyewe. Dawa, vitendanishi vya maabara na vifaa vya kutumika mara moja, tuseme robo ya mauzo: 225,000. Kodi na VAT yake: 208,800. Mishahara ya daktari, wauguzi, wa maabara, wa tibamaungo, wa mapokezi na wa usafi, tuseme 420,000. Ongeza takriban asilimia 7.5 ya mwajiri, yaani 6 ya NSSF na 1.5 ya tozo ya nyumba, unafika 451,500. (Tozo ya mafunzo ya NITA ni shilingi 50 kwa kichwa, hiyo tuiache.) Jumla 885,300. Stima, maji na intaneti sijagusa, lakini bila jina la mtu umebaki na 14,700 za kuhangaika nazo.

Weka jina. Mrabaha pamoja na ushuru wake 78,750, VAT 12,600, matangazo 18,000. Ni 109,350. Umeingia hasara ya 94,650 katika mwezi ambao wagonjwa walikuja vizuri tu.

Mrabaha unakatwa kwenye mauzo, haungoji faida. Kwa mfano huu kliniki yenye jina lako inasimama ikiuza kama 880,000. Yenye jina la watu inahitaji 1,050,000. Kama mgonjwa analipa wastani wa 1,500, pengo hilo ni wagonjwa kama 113 kila mwezi. Swali lako la mwisho jibu lake liko hapo: je, hilo jina, ambalo mama wa Roysambu hajawahi kulisikia, litaleta wagonjwa 113 ambao wasingekuja kwa sababu yako?

SistaWaThikaRoad

@HesabuHazidanganyi nimekaa chini. Kifungu hicho kipo, ukurasa wa 14, "bila makato ya aina yoyote". Nilidhani kinazungumzia ada za benki.

Swali jingine. Waliniambia masuala ya leseni "watayashughulikia". Ni kweli wanaweza?

DaktariWaMtaa

Wanaweza kukutumia orodha kwa barua pepe. Basi.

Mimi ni afisa wa kliniki, nina kliniki yangu Eastlands. Nikupe picha ilivyo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea na hazionekani kwenye kijitabu cha mtu yeyote.

Kituo kinasajiliwa na KMPDC, Baraza la madaktari, kwa daraja. Kama ni kliniki ya kutibu na kurudi nyumbani, uko daraja la pili. Maabara ina bodi yake, KMLTTB, inayotaka kuona chumba na mtu mwenye leseni. Dawa unazowapa wagonjwa wako ni jambo moja; ukitaka kuuzia mpita njia, hilo ni duka la dawa na PPB, bodi ya dawa, watakutaka uwe na mfamasia au mtaalamu wa dawa aliyesajiliwa. Kisha kila mtu ndani ana baraza lake: wewe Baraza la Wauguzi, mimi baraza letu, wa tibamaungo lake, wa lishe taasisi yao KNDI, mshauri wa saikolojia bodi yake. Leseni za kila mwaka. Mtu mmoja leseni yake ikiisha na wakaguzi wakaingia siku hiyo, mlango unaweza kufungwa wote, si chumba chake peke yake.

Kaunti nayo: kibali cha biashara, zimamoto, afya ya umma, bango la nje. Siku hizi Nairobi wameviunganisha kwenye kibali kimoja, afadhali, lakini ulizia hesabu ya bango, maana wenye jina wanataka bango kubwa lenye taa. Kanjo, askari wa kaunti, wanapenda bango kubwa kuliko wewe. Na uangalie mipaka: watu huita Ruaka Nairobi, kumbe ni Kiambu, Rongai ni Kajiado. Kila kaunti na ada zake.

Taka usizisahau. Ndoo nyeusi kwa taka za kawaida, ya njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa za hatari zaidi, na boksi la sindano. Hizo hazibebwi na kijana wa mkokoteni. Unaandikishana na kampuni yenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) inayozichoma, na inakutoza kila mwezi hata ukitoa nusu ndoo.

Faili za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka ujisajili kwa Kamishna wa Data. Biashara ndogo nyingi zimesamehewa, lakini anayetibu watu hasamehewi hata akiwa na wafanyakazi wawili. Kwa biashara ndogo ada ni 4,000 kwa miaka miwili, si pesa ya kulia. Ila programu ya wenye jina inahifadhi faili wapi? Nje ya nchi? Basi hilo liulizeni kwa maandishi, maana akiuliza mtu utaulizwa wewe.

Sasa sikiliza. Wakaguzi hawaji kukagua ndoto. Wanataka wakute chumba kimekamilika: sinki kwenye kila chumba cha mgonjwa, sakafu inayooshwa, choo, hewa, njia ya kiti cha magurudumu, wafanyakazi na vyeti vyao. Yaani unalipa kodi ya nyumba, unamaliza ujenzi, unaajiri, ndipo unaomba. Kuanzia siku ulipochukua ufunguo mpaka leseni itoke, unalipa na huna mgonjwa. Kwa kodi ya 180,000, kila mwezi wa kungoja ni zaidi ya 200,000 ukiweka VAT, kabla ya mshahara wa mtu. Mwenye jengo hangoji Baraza.

Ndiyo maana napiga kelele kwa kila anayeniuliza: zungumza na mwenye jengo akupe miezi ya ujenzi bila kodi. Wengine hukubali, hasa jengo likiwa jipya na nusu tupu. Halafu ujenzi wenyewe. Patisheni, mabomba na umeme vilinikula kuliko mashine zote nilizonunua. Jengo la ofisi lina bomba upande mmoja tu, na wewe unataka sinki tano pande zote. Fundi anapasua sakafu, mwenye jengo anataka barua ya injinia. Tangi la maji ni lazima, bomba la Nairobi mnalijua. Stima ikipotea friji ya chanjo na dawa haiulizi kwa nini.

Na hao wenye jina wana ramani yao: rangi yao, taa zao, viti vyao, mara nyingi kutoka kwa muuzaji wao. Kiti cha mapokezi ambacho fundi wa Gikomba angekutengenezea kinakuja kwa kontena, na ushuru wa forodha juu.

Kimya_Kingi

"Wakaguzi hawaji kukagua ndoto." Naiandika ukutani.

WakiliMstaafuKidogo

Nichangie upande wa karatasi. Huu si ushauri wa kisheria, mtafute wakili wenu akiwa na mkataba mkononi.

Kenya haina sheria yake maalumu ya franchaizi. Kinachowalinda ni mkataba wenyewe, sheria za alama za biashara na za ushindani. Kwa hiyo hakuna mtu anayemlazimisha mwenye jina akufungulie vitabu. Wenzetu wanao ulinzi huo. Marekani, mwenye jina lazima akupe hati ya maelezo yenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa. Afrika Kusini, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2008 inakupa siku kumi za kazi baada ya kutia saini kubadili mawazo bila adhabu.

Hila ni hii: kama kampuni yenu inauza franchaizi kwenye nchi zenye sheria hizo, hati imeshaandikwa. Iombeni. Ile ya Marekani, kipengele cha 7 kinataja gharama zote za kuanzia, na si mistari sita. Cha 19 ndipo wanapoweza kueleza matawi yanapata nini, ingawa hawalazimiki. Cha 20 ndicho ninachokipenda: matawi mangapi yalifunguliwa, mangapi yalifungwa, na namna ya kuwapata walioondoka. Mpigie aliyeondoka. Aliyebaki ana sababu ya kukusifia.

Mfano wa hadharani: The Joint, wale wa kunyoosha migongo huko Marekani, ada yao ya kuingia inajulikana kuwa dola 39,900 na mrabaha asilimia 7. Kwa hiyo asilimia 7 ya Sista si wizi. Ila kule jina linajulikana mtaani, na hapa bado.

Nendeni KIPI, wanakosajili alama za biashara, mkatafute jina hilo. Kama halijasajiliwa Kenya, mnanunua nini? Mtu yeyote Luthuli Avenue anaweza kuliandika kwenye bango kesho, na nyinyi ndio mtakaogharamika kumshtaki.

Kodi ya jengo. Mtashangaa kwa nini kila mwenye jengo Nairobi anawapa mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301, inamlinda mpangaji ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano: hawezi kufukuzwa wala kupandishiwa kodi bila utaratibu wa baraza la kodi za biashara. Miezi mitatu ile inawatoa nje ya ulinzi huo. Si haramu, lakini mjue mnachouza kwa miezi hiyo. Kwa mkataba unaozidi miaka mitatu ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka. Kwa 180,000 ni 43,200, ambazo HesabuHazidanganyi hakuzitaja.

Sasa weka pamoja: franchaizi miaka kumi, jengo miaka mitano na miezi mitatu. Mwaka wa sita mwenye jengo akikataa kukuongezea, mrabaha wa chini kabisa unaendelea? Tafuteni kifungu cha "kiwango cha chini". Na kifungu cha kutofanya kazi hiyo ukitoka. Muuguzi aliyekatazwa kufungua kliniki ndani ya Nairobi kwa miaka miwili atakula nini?

HesabuHazidanganyi

@WakiliMstaafuKidogo stempu nimeipokea. Basi zimebaki 114,150. Zinatosha rangi ya ukuta mmoja.

MtandaoWaAfya

Jamani, msiitupe franchaizi yote jalalani. Nimefanya kazi na kliniki zilizo chini ya mitandao ya namna hii hapa nchini. Tunza, ile ya PS Kenya. Amua, ya Marie Stopes. Mwaka 2000 zilianza CFW, ambazo jina lenyewe lilikuwa la ustawi wa mtoto na familia, wauguzi na wahudumu wa afya wakiendesha vituo vidogo kama biashara zao. Afrika Kusini kuna Unjani, muuguzi anakabidhiwa kliniki na hatimaye anaimiliki.

Nimeona inavyosaidia. Dawa mnanunua pamoja, bei inashuka na huletewi feki. Msimamizi anakuja kukagua kabla ya wakaguzi wa serikali. Mafunzo hayakomi. Muuguzi aliyekuwa peke yake mtaani anapata wa kumpigia simu.

Lakini niseme ukweli, ile mitandao ilikuwa na wafadhili nyuma. Aliyeingia alilipa kidogo kwa sababu mtu mwingine alilipa kingi. Kampuni ya Sista haina mfadhili, mfadhili ni Sista. Kwa hiyo ulinganishe ulichoahidiwa: kuna dawa za bei nafuu kwenye mkataba? Kuna msimamizi atakayekanyaga Nairobi, mara ngapi, na tiketi analipa nani? Kama wanachokuuzia ni jina na faili la PDF, viwango vya ubora unaweza kuvipata kwa njia nyingine, SafeCare wanakagua na kukupandisha ngazi kwa ngazi. Na Medical Credit Fund wanakopesha kliniki kwa kuangalia pesa zinazopita kwenye tili yako ya M-Pesa, bila kudai hati ya shamba.

MikonoYaUponyaji

Nimesoma kote, hakuna aliyegusa upande wa masaji, nami ndiko ninakokula. Nimefanya spa za Westlands na sasa niko na wa tibamaungo.

Sista, kwanza hiyo ni biashara mbili chini ya paa moja. Matibabu yamesamehewa VAT, masaji ya kupumzika hayajasamehewa. Ukifikisha mauzo ya kutozwa ushuru ya milioni 5 kwa mwaka, unajisajili na unatoza asilimia 16. Kwa hiyo risiti za eTIMS (mfumo wa risiti wa KRA) zitenganishwe tangu siku ya kwanza, chumba hiki hivi na kile vile. Programu ya wenye jina inajua hilo? Nina shaka. Na kumbuka, gharama isiyo na risiti ya eTIMS KRA hawaitambui, kwa hiyo yule mama wa mitungi ya maji na fundi wa bomba ni shida.

Pili, taulo. Mnacheka. Kila mteja taulo mbili au tatu na shuka, zifuliwe, zikaushwe, zipigwe pasi, kwenye mji wa maji ya mgao. Kufua kunakula faida ya masaji kuliko mafuta.

Tatu, wateja wa huku ni wa mwisho wa mwezi. Wiki ya kwanza baada ya mshahara mnasimama foleni, tarehe ishirini mnapiga soga. Januari usiulize. Wenye jina wanapenda mtindo wa uanachama, mtu akatwe kila mwezi. Kule kwao kadi ya benki inakatwa yenyewe. Hapa utampigia mtu simu amalizie uanachama wake na hatachukua.

Nne, mteja wa masaji ni wa mikono, si wa jengo. Nikihama naye anahama. Lipeni wafanyakazi vizuri au mtafundisha watu wa kufungua zao mtaa wa pili.

Dripu nazo ni dawa kwenye mshipa. Anayeweka awe muuguzi au daktari mwenye leseni, na kuwe na kitu cha kumwokoa mteja akipata mzio. Nimeona mahali wanaweka kwenye kochi la saluni. Mungu ni mwema tu.

Bondi_Kijana

Milioni 6 weka kwa bondi za serikali ulale. Kliniki ya nini?

DaktariWaMtaa

@Bondi_Kijana ukiugua utatibiwa na bondi?

HesabuHazidanganyi

Nirudi kidogo, kuna jambo moja la mkataba ambalo linaweza kumaliza kliniki yenye wagonjwa tele.

Wagonjwa wenu watalipaje? Kilimani wengi ni bima za kampuni. Roysambu mchanganyiko: M-Pesa, bima kidogo, na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na huduma za msingi kwenye vituo vya daraja la pili na la tatu zinalipwa kutoka mfuko wa afya ya msingi. Mgonjwa akija na kadi, wewe unamtibu leo na unaandika dai. Pesa inakuja baadaye. Na dai likiwa na kosa la herufi linarudi.

Sasa soma mkataba: "mauzo" ni nini? Kama ni kiasi ulichoandika kwenye ankara, unalipa mrabaha wa pesa ambayo bado haijaingia. Tuseme nusu ya zile 900,000 ni bima inayochukua miezi mitatu. Mwisho wa mwezi wa tatu unadaiwa na bima 1,350,000, na umeshalipa karibu asilimia 9 yake kwenda ng'ambo, achilia mbali ushuru. Dai likikataliwa, wanakurudishia? Andikeni wazi: mauzo ni pesa zilizopokelewa, ukiondoa VAT, ukiondoa madai yaliyokataliwa. Wakikataa kifungu hicho, mjue wamewahi kuulizwa.

Kwa hiyo mtaji wa kuzungusha ndio mkubwa kuliko yote. Mimi huwaambia watu wawe na gharama za miezi sita zimelala kando. Kwa mfano wetu gharama zisizobadilika tu ni kama 660,000 kwa mwezi. Zidisha kwa sita: karibu milioni 4. Hiyo ndiyo "nyinginezo" ya kijitabu.

SistaWaThikaRoad

Wadau, nimerudi na habari. Niliwaandikia wenye jina maswali yenu, kwa heshima lakini moja baada ya jingine.

Walichojibu: mrabaha ni kwa dola. Makato ya ushuru ni juu yangu, "ndivyo tunavyofanya kila nchi". Mauzo ni ankara. Hati ya maelezo "ni ya soko jingine". Jina halijasajiliwa KIPI, ila "mchakato unaendelea". Walikubali mambo mawili: viti nitengenezee hapa, na ada niilipe kwa awamu mbili. Kuhusu aliyefunga tawi, walinipa nambari ya aliyefungua mwezi uliopita.

Binamu yangu bado anataka tuendelee, anasema majina makubwa yote yalianza bila kujulikana. Dada yangu ameshakata shauri, hataki. Mimi nimewaandikia kwamba bila jina kusajiliwa na bila kifungu cha pesa zilizopokelewa, situmi kitu. Hawajajibu.

Wakati huo nimerudi Roysambu kuangalia ile nafasi kwa macho mengine, kama ya kliniki yetu wenyewe: mimi, afisa wa kliniki mmoja, maabara, na chumba cha tibamaungo cha siku tatu kwa wiki. Masaji tumeacha kwanza. Kodi ni chini ya nusu ya Kilimani. Tatizo ni ghorofa ya kwanza, lifti hakuna, na wakala ananiambia "madaktari wengi wako juu tu". @DaktariWaMtaa, hiyo inapita?

DaktariWaMtaa

Wakala hatakuwepo siku ya ukaguzi. Mama mjamzito na mzee wa magongo watapanda vipi? Uliza kama kuna nafasi ya chini upande wa nyuma. Wa nyuma huwa bei nafuu na wagonjwa hawajali kuzunguka, mradi waone bango kutoka steji. Ukiipata, kabla ya kulipa depoziti angalia bomba la maji machafu linapita wapi. Jumamosi nina nafasi baada ya saa nane. Nitumie inboksi, nije na fundi wangu wa mabomba tupime.

MikonoYaUponyaji

Na mkipima, pimeni pa kuanika taulo.